Kinanda cha mchiriku, laptopu ya singeli

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya Windows 10. Ofisini hiyo ni habari ya usalama wa data. Kwa maprodyuza wa singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam, ambao wengi wao hutengenezea biti (midundo) kwenye laptopu zilizokwisha kutumika ng'ambo kabla ya kufika Kariakoo, imepokewa kama hukumu. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane au zaidi. Laptopu ya kizazi cha nne au cha sita, aina ileile iliyozoeleka kwenye meza za studio za uswahilini, haivuki. Wakati huohuo mitandao imejaa video za mashine: nakala za bei nafuu za TR-808 (mashine ya ngoma) na TB-303 (mashine ya besi) za Roland, ambazo kampuni ya Behringer ilianza kuzitoa 2019, na MPC mpya, mashine za pedi za kutengenezea midundo, zinazofanya kazi bila kompyuta. Mambo haya mawili yameshonwa pamoja yakawa hoja moja: kompyuta imefika mwisho, prodyuza wa kweli anunue mashine.

Hoja hiyo imelisoma vibaya tukio lenyewe, na historia imeisoma vibaya zaidi. Laptopu iliyokosa masasisho haijapoteza hata plagini moja, yaani vile viprogramu vya ala na athari. Ilichopoteza ni kinga ya kuingilia intaneti, na kompyuta ya studio haina kazi ya lazima huko. Anayetaka kufuata nyayo za vijana wa Chicago, waliozaa muziki wa house kwa mashine hizo miaka ya 1980, kwa kununua kisanduku chenye nobu ameshika ganda, kokwa kaliacha. Vijana wa Chicago walitumia mashine kwa kuwa ndicho kitu kilichokuwa kimetupwa sokoni kwa bei ndogo. Dar imetumia kompyuta kwa sababu hiyohiyo. Nadhani kifaa hapa kwetu kipimwe kwa mambo mawili: unaweza kukifikisha kwenye ukingo wa uwezo wake, na kikifa Jumamosi, je, Jumatatu kitakuwa kimefufuka?

Roland ilitoa TB-303 mwishoni mwa 1981 kwa kazi ndogo tu: kumpigia besi mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake. Haikufanana na besi, utaratibu wake wa kupanga noti uliwachosha watu, na kufikia 1984 ilikuwa imeondolewa kiwandani. TR-808, iliyotoka 1980, iliachwa 1983. Zote zikaangukia kwenye maduka ya mitumba, na huko zikakutwa na watu wasio na fedha ya sintesaiza kubwa. Kundi la Phuture la Chicago, lililotoa kazi yake ya kwanza 1987, lilizungusha nobu za 303 huku mdundo ukienda, matumizi ambayo wabunifu wake hawakuyakusudia, na kilio kile cha besi kikazaa mtindo mzima, acid house. Leo 303 ya asili inauzwa kwa bei ya laptopu kadhaa. Mtu akiinunua sasa ananunua kumbukumbu, na si vibaya kununua kumbukumbu, ila asidhani kwamba anafanya walichofanya wao.

Na Dar ina historia yake ya mashine, haihitaji kuazima ya mtu. Mchiriku wa miaka ya 1990, uliochipuka kwenye ngoma za Wazaramo, ulisimama juu ya kinanda kidogo cha Casio, cha aina inayouzwa kama kichezeo cha mtoto, kikaunganishwa na amplifaya chakavu na spika za tarumbeta mpaka sauti ikapasuka. Jagwa Music wa Mwananyamala waliufikisha muziki huo Ulaya. Kile kinanda kilifaa kwa sababu za kawaida kabisa: kilipatikana, kilibebeka kwapani, aina nyingi zilitumia betri, na ukikifungua ndani unakuta plastiki, vifuniko vya mpira wenye kaboni na nyaya ambazo fundi redio anazielewa. Kupasuka kwa sauti ni kasoro kwa kipimo cha kiwandani. Mtaani ilikuwa ndiyo ladha yenyewe, watu walikuja kwa ajili yake.

Singeli ilipoibuka katikati ya miaka ya 2000 kwenye vigodoro (sherehe za usiku za mitaani) vya Tandale, Manzese na Mburahati, ilichukua vipande vya ala tupu vya taarabu, ikavizungusha, ikavikimbiza, na mwimbaji akachana juu yake. Kazi hiyo kinanda cha Casio hakiiwezi. Programu inaiweza kwa mibofyo michache. Studio kama Sisso ya Mburahati ziliijenga sauti hiyo kwa kompyuta za kawaida zenye programu za muziki za FL Studio na Virtual DJ, na mkusanyiko uliotolewa 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda ukaipeleka kwenye matamasha ya nje, ikiwa na mapigo kati ya 200 na 300 kwa dakika. Kutoka Casio kwenda kompyuta hakuna aliyekuwa anahama kambi. Ni mitaa ileile, mifuko ileile, mkono ukishika kilicho karibu.

Nianze na hoja dhaifu kuliko zote za upande wa mashine, ile ya kwamba mashine ina sauti "halisi" na kompyuta inatoa sauti ya plastiki. Ifungue mashine yenyewe uone. TR-909 ya 1983 hutengeneza kiki (pigo zito la chini) na sneya kwa sakiti za analogi, lakini haihati na matoazi yake ni sampuli, yaani sauti zilizorekodiwa, za biti 6 (biti hapa ni kipimo cha dijitali, si mdundo) zilizohifadhiwa kwenye chipu. Yamaha DX7, ya mwaka huohuo, ni ya dijitali kuanzia mwanzo hadi mwisho. MPC60 ya 1988, ambayo watu wa hip hop huitaja kwa heshima, ni sampla ya biti 12 kwa kilohezi 40. MPC Live, iliyotoka 2017, ndani yake kuna prosesa ya ARM, RAM ya gigabaiti 2 na mfumo wa Linux. Kwa maneno mengine anayekimbia kompyuta anakimbilia kompyuta nyingine, yenye RAM ndogo kuliko laptopu anayoiacha, isiyofunguliwa kwa bisibisi na kuongezwa RAM kwenye kibanda cha Mtaa wa Aggrey. Sakiti ya analogi ya kweli ina tofauti inayosikika, sikatai: filta inayolewalewa kadiri joto linavyopanda, kiki isiyojirudia sawasawa mara mbili. Lakini kwenye singeli, ambako kiki tayari imebanwa mpaka mawimbi yake yamekatwa vichwa, tofauti hiyo ndiyo ya kwanza kuzikwa.

Hoja ya muda ina uzito zaidi, na hapa watu wa mashine wana haki ya nusu. Kwenye mapigo 120 kwa dakika, pigo moja huchukua milisekunde 500 na robo yake milisekunde 125. Kwenye mapigo 300, pigo ni milisekunde 200 na robo yake ni 50 tu. Sasa chukua kompyuta yenye bafa (akiba ya sauti inayokusanywa kabla ya kutolewa) ya sampuli 512, yaani vipimo 512 vya sauti, kwa kilohezi 44.1: unapogonga pedi, sauti inachelewa milisekunde 11.6 kabla hata ya kuhesabu ucheleweshaji wa draiva. Kwa muziki wa mapigo 120 hiyo haifiki sehemu ya kumi ya robo pigo, kidole hakioni kitu. Kwa singeli ni karibu robo ya robo pigo, na anayegonga kwa mkono atajiona analewa. Mashine yenye pedi zake na sauti zake ndani hujibu upesi zaidi. Hilo ni kweli. Ila ucheleweshaji huo unamhusu anayegonga kwa vidole na anayeimba akijisikiliza kwenye hedifoni. Noti zilizochorwa kwa kipanya hazichelewi, kwa sababu programu inazijua kabla na inazitoa zote kwa mpangilio mmoja. Dawa yake ni ya bure: tumia draiva ya ASIO, inayoongea na kadi ya sauti moja kwa moja, badala ya ile ya kawaida ya Windows, shusha bafa hadi 128 wakati wa kurekodi, ambayo ni milisekunde 2.9, halafu ipandishe hadi 1024 wakati wa kuchanganya, maana hapo prosesa inahitaji kupumua na hakuna anayegonga kitu. Mwimbaji ajisikie moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya sauti, bila sauti yake kupita kwanza ndani ya programu.

Anayechanganya mashine na kompyuta ndiye hupata shida mbaya zaidi, na watangazaji wa mashine hawaitaji. MIDI, lugha ya kuunganisha ala za kielektroniki, ya waya wa pini tano, tangu 1983, husafirisha biti 31,250 kwa sekunde. Noti moja ni baiti tatu, karibu milisekunde 1. Ukiipa mashine noti sita kwa mpigo mmoja, ya mwisho inafika ikiwa imechelewa milisekunde tano hivi, na kwenye mapigo 300 hiyo ni sehemu ya kumi ya robo pigo. Kisha kuna saa: MIDI hutuma mipigo 24 ya saa kwa kila pigo la muziki, yaani kwenye mapigo 300 ni mipigo 120 kwa sekunde, mmoja kila milisekunde 8.3. Laptopu yenye kazi nyingi ikiyumba milisekunde mbili au tatu, kiki ya mashine na kiki ya programu zinaanza kupishana, kila moja inaweza kufuta sehemu ya tumbo la mwenzake, na uzito wa kiki unayumba bila mtu kujua kwa nini. Prodyuza atalaumu spika, ataongeza ekwalaiza, na tatizo litabaki palepale. Njia salama ni kutozipigisha pamoja kiki mbili. Rekodi mashine ndani ya programu kama sauti, kuza wimbi uone linapoanzia, lisogeze kwa mkono mpaka likae juu ya mstari, kisha zima mashine.

Hoja bora ya mashine, kwa maoni yangu, ni mipaka. MPC60 ilikuwa na sekunde 13.1 za sampuli katika hali yake ya kawaida. Sekunde 13 zinakulazimisha uamue: kipande hiki cha taarabu kinabaki, kile kinatoka. Kompyuta yenye plagini 200 haikulazimishi kuamua chochote, na ushahidi ni mafolda yenye biti nusunusu mia moja. Nalikubali hili kwa moyo wote. Lakini mipaka haiuzwi dukani. Fungua projekti, weka chaneli nane tu, sampuli nane, athari mbili, na ujizuie kuongeza. Vijana wa singeli walikuwa na mipaka mikali kuliko hiyo bila kuitafuta: RAM ya gigabaiti 2 au 4, plagini zilizokuja na programu, na usiku mmoja kabla ya kigodoro. Nina hakika ukali wa sauti ile ulitoka kwa kiasi kikubwa kwenye kubanwa huko, pamoja na uamuzi wa kuburuta kasi mpaka sampuli zianze kulia kama ndege.

Halafu kuna Dar yenyewe, umeme wake na hewa yake. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha 2024 na mgao ule wa 2023 umelegea, lakini transfoma ya mtaa kuzimika ni habari nyingine. Umeme ukikatika, laptopu yenye betri nzima huendelea. Mashine nyingi huzimika palepale na kupoteza ulichokuwa hujahifadhi. MPC Live ina betri yake, na hilo ni jambo la kuisifu. Mashine za Japani zilizotumika mara nyingi ni za volti 100, na soketi yetu ina 230. Ukiichomeka bila transfoma ya kushusha umeme, bahati yako ni fyuzi peke yake kuungua. Nunua transfoma yenye uwezo mara mbili ya wati zilizoandikwa nyuma ya mashine. Adapta za volti 9 za Roland na Boss zina hasi katikati, kinyume cha adapta nyingi za jumla, kwa hiyo soma alama ya duara kabla ya kuchomeka. Muungurumo unaoingia pale laptopu inapochajiwa ikiwa imeungwa kwenye miksa unatokana na njia mbili za ethi. Tumia kisanduku cha DI chenye transfoma, kinachotenganisha njia hizo kati ya laptopu na miksa, na usikate pini ya ethi ya plagi hata fundi akikushauri, kwa sababu pini hiyo ndiyo inayomlinda anayeshika maikrofoni.

Unyevu wa pwani hufanya kazi polepole. Nobu na feda huanza kukwaruza, vitufe vinahitaji kubonyezwa mara tatu, kapasita zinavimba kwa joto. Mashine ya analogi ya zamani yenye rezista na kapasita za kawaida hutibika: fundi redio wa Kariakoo atabadilisha kapasita, atapuliza dawa ya kusafishia nobu, na kazi itaendelea. Ikiwa kilichokufa ni chipu maalumu ya sintesaiza, au bodi mpya yenye vipande vidogo kama punje ya mchele, mara nyingi inabidi kuagiza nje, ulipie usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, na ungoje. Laptopu ikifa kioo, kibodi, SSD au RAM, vipo, na fundi yupo chini ya ngazi. Hili peke yake lingetosha kunifanya nimshauri kijana anayeanza abaki na laptopu.

Upande wa programu nao una hoja yake mbovu: kwamba kila kitu ni bure. Tunajua ubure huo unatoka wapi. Kreki, yaani programu iliyovunjwa kufuli ya leseni, hukuambia uzime antivairasi kwanza, na siku folda zote zinapogeuzwa maandishi yasiyosomeka na kudaiwa fidia, biti za miaka mitatu zimekwenda. Hata isipofika huko, plagini ya kreki haifunguki kwenye kompyuta ya mwenzako, na projekti yako inabaki na matundu. Toleo la majaribio la FL Studio linakuruhusu kutoa wimbo kama faili la sauti, ila projekti uliyohifadhi haifunguki tena mpaka ulipie leseni. Ukishailipia, masasisho ni ya maisha. Vital na Surge XT ni sintesaiza zinazopatikana bure kihalali na zina uwezo mkubwa kuliko plagini nyingi zinazoibwa. Programu pia huzeeka: Apple iliacha programu za biti 32 kwenye kompyuta zake za Mac mwaka 2019, na kazi nyingi za watu zikabaki kimya. TR-909 ya 1983 bado inawaka na bado inaelewa MIDI. Kinga dhidi ya hilo ni kutoa kila chaneli kama WAV ya biti 24 mara tu wimbo unapokamilika. Dakika moja ya stirio kwa kilohezi 44.1 ni karibu megabaiti 16, hivyo wimbo wa dakika 3 wenye chaneli 16 hauzidi megabaiti 770. Andika kasi na ufunguo kwenye jina la folda, weka nakala moja kwenye diski ya nje na nyingine nyumbani kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo yule mwenye laptopu ya kizazi cha sita afanye nini? Aitenge iwe ya studio tu, aikate intaneti, abaki na Windows 10 ileile, na faili ziingie kwa flashi iliyokaguliwa kwenye mashine nyingine. Aiwekee SSD na RAM ya gigabaiti 8 au 16. Aifungue, asafishe feni, abadilishe pesti ya prosesa, kwa maana kompyuta yenye joto hujipunguza kasi na sauti huanza kukatikakatika hata kama bafa ni kubwa. Azime Wi-Fi kwenye draiva, mara nyingi ndiyo inayoleta mikatiko hiyo. Aweke umeme kwenye hali ya nguvu kamili. Fedha inayobaki iende kwenye kadi ya sauti yenye draiva yake ya ASIO, hedifoni za kusikilizia, jozi ya spika za studio, na mablanketi mazito au magodoro kwenye kuta za chumba cha bati, kwa sababu mwangwi wa chumba hudanganya masikio, na mchanganyiko uliodanganywa chumbani utadanganya kwenye kila spika ya mtaani.

Hapa kuna jambo la sera pia. Mikopo ya wasanii, kama ile ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, ni rahisi kupimwa kwa vitu, na mashine inayong'aa inaonekana kwenye fomu kuliko leseni, diski za nakala au gharama za fundi. Tukiikubali hoja ya kwamba kompyuta imekufa, fedha hizo zitaishia kwenye visanduku ambavyo mwaka wa tatu hakuna wa kuvitengeneza. Orodha ya vifaa iandikwe na mtu aliyewahi kufungua laptopu na aliyewahi kuchanganya singeli. Leseni na matengenezo viwe na mstari wao.

Mahali ambapo ningetumia fedha ya mashine bila kusita ni jukwaani. Kigodoro hakisubiri kompyuta iwake upya. Kisanduku kidogo cha midundo chenye betri, kikiwa kimejazwa mizunguko minne au minane, kikae kwenye chaneli yake ya miksa mbali na umeme wa laptopu. Kama kasi yake inakoma 300 na wimbo una 320, kiwekwe 160 na hatua zake ziwe za thelathini na mbili badala ya kumi na sita. Kisifungwe kwa saa ya MIDI. Kiachwe kinatembea chenyewe kwa kasi ileile, feda ikiwa chini. Laptopu ikiganda, feda inapanda, mwimbaji anaendelea kuchana, na laptopu yenye SSD inahitaji chini ya dakika moja kuwaka upya.